Fabien Anaitwa Kiyoshi

Ghent, 8 Januari 2023

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mume wangu. Nimeandika "mume wangu", kisha nikaweka kalamu chini nikayatazama maneno hayo. Leo tuna siku ishirini na mbili za ndoa na bado yananifanya nitabasamu peke yangu kama mwehu. Sisi ni wazima. Nyumba ina joto, ila Wannes anakohoa kidogo kwa sababu ya kutoka na kuingia kwenye vibanda vya kioo vya maua yake na baridi hii. Habari kubwa ni zako. Koo linaendeleaje tangu upasuaji? Daktari alisema wiki sita bila neno hata moja, hata kunong'ona, na mimi ninayekujua najiuliza paka wako anaishije bila kugombezwa.

Najua hupendi kuandika kwenye simu. Unasema vidole vyako vilizaliwa kabla ya vitufe. Basi tuandikiane barua kama watu wa zamani. Mimi naona ni jambo zuri sana. Nitazifunga kwa utepe.

Unakumbuka kwenye harusi, uliposimama kutuombea heri, watu wa Wannes walidhani unalia? Mama mkwe wangu, Bi. Greet, akakupa leso. Mimi peke yangu nilijua kwamba hulii, kwamba ni sauti inayokatika, na ukaendelea mpaka neno la mwisho huku umeshika leso ya watu. Siku ile nilikuwa na furaha mbili kifuani, kuolewa na kuwa mwanao.

Sasa nikuambie Jumapili zetu, usinikasirikie. Jumapili jioni Wannes anakaanga chipsi, tunakaa kwenye kochi miguu yetu ikiwa ndani ya blanketi moja, na tunaangalia ile katuni ya Mbeba Taa. Kwa Kijapani, Mama, na maandishi chini. Yeye ndivyo alivyokua nayo. Kisha anachukua kipande cha boksi, anafunika maandishi, ananiambia, "Haya, bibi yangu, amesema nini?" Nikipatia ananibusu. Nikikosea pia ananibusu, kwa hiyo maendeleo yangu ni ya polepole.

Jumanne naenda darasa la jioni la Kijapani. Tuko tisa, na mmoja ni mwoka mikate mstaafu anayetaka kusoma pakiti za tambi. Mwalimu wetu, Bi. Nakaoka, ni mpole kama hariri. Wiki iliyopita nilimjibu sentensi nzima bila kusita, darasa zima likageuka. Akaniambia taratibu, "Maëlle, unazungumza vizuri. Unazungumza kama mvulana wa miaka kumi na mbili anayetafuta ugomvi." Kumbe Kijapani chote nilichonacho nimekitoa kwa Kiyoshi, mvulana wa Mbeba Taa. Wote walicheka, mimi nikaona nimesifiwa. Nimelelewa na mvulana huyo, ningezungumza kama nani?

Njoo upumzike kwetu. Hutasema neno, na Wannes hasemi sana, mtaelewana.

Mwanao mwenye furaha,
Maëlle

*

Namur, 13 Januari 2023

Mwanangu Maëlle,

Barua yako imefika jana. Sijambo, nikimeza ndipo ninapoumwa. Paka hajambo pia, amenenepa kwa ukimya. Namwombea mumeo kikohozi kipoe, mwambie anywe maziwa ya moto na aache ushujaa.

Umeolewa na watu wanaosoma sinema kama wanavyosoma risiti ya dukani. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa kijana ana macho mazuri na anakushikia mlango. Lakini sikujua kwamba watakufundisha wewe. Wewe uliyejifunza kutembea kwa kushika miguu ya kiti changu studioni. Nilianza kumsema Fabien, kumpa sauti yangu kwa Kifaransa, ukiwa na mwaka mmoja. Nimemsema miaka ishirini na sita. Nimepiga kelele zake, nimelia vilio vyake, nimeanguka naye kwenye mapango yote yale, na kila mtoto wa upande wetu wa nchi, wa Kifaransa, akisikia sauti yangu kwenye foleni ya mkate anageuka. Halafu binti yangu mwenyewe anakaa kwenye blanketi na kuizima.

Na huyo unayemwita Kiyoshi, kama Wajapani, simjui. Mwanangu ni Fabien.

Nilikuwa sitaki kukuambia, lakini wewe hunyamazi, nami sitanyamaza. Studio ya Brussels imeniandikia. Baada ya miaka kumi na moja Wajapani wametoa msimu wa mwisho wa Mbeba Taa, sehemu kumi na mbili. Kurekodi kunaanza Jumatatu tarehe 20 Machi. Wananitaka, lakini wanataka sauti ile ile ya mwanzo, safi, kama watu wanavyoikumbuka. Kama haitakuwa safi, wameshamsikia binti mmoja. Hawakuandika jina lake. Wameandika "suluhisho".

Hakuna atakayeninyang'anya Fabien kabla hajafika nyumbani. Hilo liwe wazi kwako na kwa koo langu.

Nakuomba kitu kimoja. Msimu huo wa mwisho usiuangalie kwa Kijapani. Ningoje. Mwisho wake nataka uusikie kwangu. Niahidi kwa maandishi.

Mama yako,
Josiane

*

Ghent, 19 Januari 2023

Mama yangu,

Natumaini koo limepungua maumivu na kwamba umekula kitu kingine zaidi ya supu. Sisi wazima. Wannes amekunywa maziwa kwa amri yako na sasa anajiona mwana wa nyumba.

Ahadi sitoi. Nimekaa siku tatu nikijaribu kuiandika kwa upole, nimeshindwa, kwa hiyo naiandika hivi. Kwanza, nimechelewa: tumeshaangalia sehemu saba kati ya kumi na mbili. Pili, hata nisingekuwa nimechelewa, nisingeahidi. Mimi ni mtu mzima, nimeolewa, na masikio ni yangu. Nakupenda kuliko unavyoweza kuandikiwa. Sitaomba ruhusa ya kusikiliza.

Na hili la kusoma sinema. Mama, wewe kazi yako ni nini? Unasimama mbele ya picha, na chini ya picha unapita utepe wa maneno, na wewe unausoma huku ukisema, kila siku, tangu nikiwa natambaa. Wannes anasoma Jumapili tu. Katika familia hii msomaji mkubwa wa sinema ni wewe. Kwao wana uzoefu, nakubali. Babu yake alihojiwa kwenye televisheni kuhusu ng'ombe, mzee wa Flandria Magharibi mwenye lahaja nzito, akizungumza na Waflemi wenzake, na bado walimwekea maandishi. Familia nzima iliyasoma, naye mzee akayasoma pia, akasema, "Afadhali, sasa nimeelewa nilichosema." Ningewaachaje watu kama hawa?

Lakini kuna jambo nataka ulijue. Anayemsema Kiyoshi kule Japani ni mwanamke kama wewe, Bi. Chizuru Otsubo. Ana miaka sabini. Alianza naye siku ya kwanza na hajawahi kubadilishwa, kule mhusika ni wa mtu mpaka mtu aseme basi. Na sauti yake, Mama, inakatika. Katika sehemu ya kwanza Kiyoshi ametembea siku kumi na moja kwenye theluji, anagonga mlango wa kibanda, anasema, "Fungueni. Nimeleta taa." Sauti inapasuka katikati kama kuni. Haifichi. Nilimshika Wannes mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Nilikusikia wewe, siku ya harusi yangu.

Studio haitaki sauti kama hiyo kwa sababu haijawahi kuisikiliza. Nawe hujawahi kumsikiliza. Najua sheria yako, unavua kisikizi cha sikio la kushoto, kile kinachopitisha Kijapani. Miaka ishirini na sita, Mama. Hata mara moja?

Mwanao anayekupenda,
Maëlle

*

Namur, 24 Januari 2023

Maëlle,

Barua yako nimeipata. Afya yangu ni nzuri.

Simsikilizi kwa sababu nikimsikiliza nitamwiga, na mtu anayeiga hana kazi. Huo ni ufundi wangu, haukuhusu. Usiniandikie tena habari za yule mwanamke.

Josiane Dethier

*

Ghent, 5 Februari 2023

Mama,

Unaendeleaje? Nauliza kwa moyo, ingawa umenisainia jina lako lote kama mtu wa benki.

Hapa tumegombana, ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa, na umesababishwa na wewe. Wannes alisoma uso wangu, akasema, "Mwombe radhi mama." Nikamwambia, "Kwa kosa lipi?" Akasema, "Kwa lolote, chagua." Nikamwambia sichagui. Akatoka kwenda kumwagilia begonia ambazo alikuwa ameshamwagilia. Alirudi ana matope mpaka magotini na ua moja mkononi, akasema hataangalia sehemu ya nane mpaka mimi na wewe tutakapopatana, kwa sababu hawezi kukaa akimtazama mtoto anayewarudisha waliopotea makwao huku mke wake hasemi na mama yake. Nilikuwa nimekasirika sana, na nilimpenda sana, vyote kwa wakati mmoja, sijui kama hilo ni la kawaida. Wewe ungejua.

Radhi siombi. Nimefanya kazi badala yake.

Ndani ya bahasha kuna utepe. Nimeukata kwenye karatasi ya kuokea mikate, nimeuunganisha kwa gundi, una urefu wa mita nne. Ni lile onyesho la mlangoni. Nimelitafsiri mwenyewe kutoka Kijapani, moja kwa moja, na nimeliandika kwa mkono, kila neno chini ya mdomo wake, na alama za midomo inapofumba na inapofunguka, kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo, ulipokuwa unakuja nyumbani na vipande vilivyobaki na mimi navitia rangi juu ya meza ya jikoni. Ilinichukua jioni tisa. Bi. Nakaoka ameikagua, amesema maana iko sawa, ila amenitaka nipunguze ugomvi.

Nimeandika Kiyoshi. Ukitaka, futa uandike Fabien. Utepe ni wako.

Mwanao, hata kwa mtu wa benki,
Maëlle

*

Namur, 28 Februari 2023

Mwanangu,

Hujambo wewe na mkwe wangu? Mimi nimefunguliwa mdomo tangu tarehe kumi na nne. Naruhusiwa maneno machache kwa siku, lakini simu sitaki, maneno yenyewe nayaweka kwa ajili ya kazi. Neno la kwanza nililosema baada ya wiki sita lilikuwa kwa paka. Halifai kuandikwa.

Nakurudishia utepe wako. Usishtuke na kalamu nyekundu. Mkono wako ni mzuri, na midomo umeiona vizuri kuliko wengine wanaolipwa. Lakini umesahau pumzi. Mita nne nzima hakuna mahali mtu anavuta hewa. Huyu mtoto ametembea siku kumi na moja kwenye theluji na wewe unamfanya aseme kama mtangazaji wa treni. Nimekuwekea pumzi kumi na sita. Mbili ni za puani. Na pale kwenye "taa", usimbane, mwache mdomo wazi.

Jina sikulifuta. Sijui kwa nini.

Sikukuandikia wiki zote hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hasira. Ya pili, Ijumaa waliniita studioni kunijaribu, pamoja na yule binti. Anaitwa Lison, ana miaka ishirini na saba, amekua akimsikiliza Fabien na ananiiga vizuri kuliko ninavyoweza mwenyewe. Nilisikia sauti yangu ya mwaka tisini na saba ikitoka kwenye mdomo wa mtu aliyevaa kofia ya sufu. Nilitaka kumchukia, akaniletea chai ya asali.

Mimi walinisikia wakatazamana. Mwongozaji, yule Quentin mwenye ndevu, akasema, "Josiane, tunakupa mpaka tarehe ishirini. Iwe safi."

Na itakuwa safi. Ninajua pa kuibana. Nikikaza shingo na kusukuma kutoka hapa juu, ile ya zamani inatoka. Nimejaribu jikoni, imetoka. Daktari amesema nikifanya hivyo sehemu kumi na mbili mfululizo koo litachanika tena, na safari hii hataweza kulishona, nitabaki na mnong'ono. Daktari hajui Fabien ni nani. Nitamfikisha nyumbani, kisha ninyamaze. Naona ni mabadilishano ya haki.

Mama yako, ambaye bado amekasirika,
Josiane

*

Ghent, 4 Machi 2023

Mama,

Leo sisalimii.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, nikaisoma tena nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na Wannes alipofika alinikuta hapo hapo akakaa na yeye. Alisoma. Kifaransa chake unakijua, alisoma polepole. Alipomaliza akasema, "Mwambie mama asifanye hivyo." Hilo tu. Nikamwambia, "Mwambie wewe, mimi hanisikii." Akachukua kalamu. Maneno yake yako nyuma ya karatasi hii, usicheke tahajia.

Sasa mimi. Ukimsema Fabien kwa kulichana koo lako, sitamsikiliza. Sehemu kumi na mbili zote. Watamwonyesha kwenye televisheni, watamwuza kwenye diski, watoto wa foleni ya mkate watageuka, na mimi nitatoka chumbani. Nitabaki na maandishi yangu na bibi wa Kijapani maisha yangu yote, na nikipata watoto nitawalea hivyo hivyo, watakuwa Waflemi kabisa, watasoma mpaka matangazo ya sabuni. Mimi nataka mama anayeweza kunipigia simu na kunigombeza nikiwa na miaka hamsini. Nataka uwagombeze watoto wangu. Siku ulipotuombea heri na sauti imepasuka, nilisikia kila neno. Hakuna aliyesema haikuwa safi.

Wao wanataka umwige Josiane wa zamani. Ulisema mwenyewe kwamba mtu anayeiga hana kazi. Wewe ndiwe uliyesema.

Nakutumia diski. Dakika moja tu, ya mlangoni. Tupa ukitaka, lakini utakuwa umeitupa kwa woga, na sijawahi kukuona ukiwa mwoga.

Maëlle wako

(Nyuma ya karatasi:)

Mama Josiane. Mimi Fabien sijawahi kumsikia. Mke wangu ananisimulia. Nataka kukusikia wewe ukiongea mezani, miaka mingi. Heshima nyingi. Wannes.

*

Namur, 21 Machi 2023

Maëlle na Wannes,

Hamjambo? Mimi nimelala saa kumi na moja mfululizo na sasa naandika nikiwa bado kitandani, paka yuko kwenye miguu.

Nianze na diski. Sikuisikiliza. Niliiweka juu ya friji na bahasha yake, kila nikichukua siagi inanitazama. Mkwe wangu, barua yako niliisoma mara nyingi kuliko yake. Tahajia sikuiona.

Jana nilipanda treni ya asubuhi nikiwa nimeshaamua. Nikaingia kwenye kile chumba, nikavua viatu kama kawaida yangu, nikasimama kwenye alama. Quentin akasema kwa kipaza sauti, "Ya mlangoni kwanza, Josiane. Safi." Utepe ukaanza kupita. Nikavua sikio la kushoto, nikakaza shingo, nikasukuma. "Fungueni." Ikatoka. Sauti ya mwaka tisini na saba, safi kama glasi. Kule nyuma ya kioo nikawaona wanatabasamu. Na mimi nikasikia ladha ya chuma mdomoni.

Nikasema, "Simamisha."

Quentin akasema, "Kwa nini? Ilikuwa nzuri kabisa."

Nikamwambia Raoul, fundi wa sauti, tumezeeka naye hapo, "Raoul, niwekee yule mwanamke. Masikio yote mawili."

Raoul akanitazama. "Yule yupi?"

"Unaye mmoja tu. Mjapani."

Akaniwekea, Maëlle. Sikuelewa neno hata moja. Lakini ninajua kazi. Nilimsikia akivuta hewa kabla ya kugonga, na hewa yenyewe haikumtosha. Mtu wa miaka sabini hapati hewa ya mtoto. Naye hakuidanganya, aliiacha imwishie katikati ya sentensi, na mtoto akawa amechoka kweli kweli. Nilisimama pale na soksi zangu, baada ya miaka ishirini na sita, nikamsikia mwenzangu kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumwomba radhi na sina anwani yake.

Nikasema, "Haya. Tena." Na safari hii sikubana kitu. Nilivuta hewa niliyonayo nikasema kwa koo nililonalo. Likapasuka palepale panapotakiwa.

Quentin akasema, "Josiane, kuna mkwaruzo."

"Najua. Ni wangu."

"Watu wanamkumbuka na sauti safi. Watoto wetu..."

"Hao watoto sasa wana vipara, Quentin. Wewe mwenyewe ulikuwa mmoja wao. Huyu ametembea kwenye theluji siku kumi na moja. Unataka awe safi kwa nani?"

"Nipe moja kama ile ya kwanza. Moja tu, niwe nayo."

"Sina nyingine. Nimekupa niliyonayo."

Akaniomba mara tatu. Nikakataa mara tatu, bila kupaza sauti, maana kupaza sitakiwi. Lison alikuwa amekaa kwenye kona na kofia yake, akainamisha kichwa. Raoul hakugusa kitufe. Nikavaa viatu vyangu.

Watatoa jibu ndani ya wiki mbili. Nimeogopa, sitawaficha. Lakini nimetembea kutoka studioni mpaka stesheni bila kufunga kitambaa shingoni.

Mama yenu,
Josiane

*

Ghent, 25 Machi 2023

Mama yangu, malkia wangu,

Hujambo, hujambo, hujambo. Nakusalimia mara tatu kwa sababu ulikataa mara tatu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti kwenye meza, Wannes akaacha kula kitoweo chake, na unajua kitoweo cha nyama na bia kwake ni ibada. Nilipofika kwenye soksi nililia, nilipofika kwenye vipara tukacheka wote, nikalazimika kurudia. Nimemsimulia Bi. Nakaoka darasani, kwa Kijapani, habari yote kuanzia mlangoni. Nilitafuta maneno ya adabu, sikuyapata, nikaisimulia kwa ugomvi. Safari hii hakunisahihisha. Alisema kwa habari hii lugha hiyo inafaa.

Jibu lao likija, niambie siku hiyo hiyo. Wakikupa, tutakuja Namur na begonia za kujaza gari. Wakikunyima, tutakuja pia, na Wannes amesema atazungumza nao. Nimemwuliza atawaambia nini. Amesema hajui, lakini atasimama pale.

Nakupenda mpaka naona aibu.

Mwanao,
Maëlle

*

Namur, 2 Aprili 2023

Wanangu,

Natumaini mko salama na kwamba kikohozi kimekwisha. Mimi sijambo. Daktari aliniangalia juzi, hakuna jeraha jipya. Amesema sauti niliyonayo sasa ndiyo nitakayokuwa nayo, nikiitunza itanifikisha mbali.

Wamempa Lison.

Wamesema wanashukuru, wamesema historia, wamesema heshima. Na kwa heshima hiyo wamenipa nafasi nyingine katika msimu huo huo, bibi kizee wa kibandani anayemfungulia mtoto mlango. Sauti yangu eti inamfaa sana. Nimewajibu kwamba sikumlea miaka ishirini na sita ili nije niwe bibi yake. Quentin akasema nifikirie. Nimefikiri hapo hapo kwenye simu, nikakata.

Nililia siku moja, Alhamisi, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Kisha nikampigia Lison. Alipotambua ni mimi akaanza kuomba msamaha. Nikamwambia aache, hajaiba kitu, amepewa. Ila nikamwambia, "Usiniige. Ukiniiga nitakusikia, popote utakapokuwa. Huyo wangu nimeondoka naye. Wewe tafuta wako." Akauliza kama siku moja anaweza kuja kunywa chai. Nimemwambia alete asali yake.

Sasa sikilizeni. Kwa Kifaransa sitajua Fabien aliishia wapi, na sitaki kujua kwa sauti yangu inayosemwa na mtu mwingine. Lakini kujua nataka. Kuna mwanamke wa miaka sabini ambaye alimfikisha mpaka mwisho na hakuna aliyethubutu kumwambia awe safi. Ninamtaka huyo. Mna sehemu tano ambazo hamjaziona, nami sijaona hata moja, kwa hiyo tutaanza ya kwanza na mtarudia pamoja nami, hakuna atakayelalamika.

Ninakuja Jumamosi kabla ya Pasaka kwa treni inayofika Ghent saa tano na robo. Mkwe wangu anipokee yeye, Maëlle abaki akipika, kwa kuwa mkiwa wote wawili stesheni mtabusiana na mimi nitasimama na mzigo. Sauti muiweke juu kabisa. Majirani wakigonga ukuta nitawajibu mimi, nina maneno ya kutosha sasa. Maandishi yenu ni ya Kiholanzi na mimi Kiholanzi sijui, hivyo Maëlle utakaa upande wangu wa kushoto unitafsirie, na useme kwa ugomvi wako wote.

Mtoto huyu anaitwa Kiyoshi, sivyo? Nifundishe kulitamka jina lake kabla hajagonga mlango.

Mama yenu,
Josiane